Pedi ‘kali’ za breki: nani anazihitaji kati ya Diani na Kwale?

Mteremko wa kutoka mjini Kwale hadi Kombani hauna sura ya kutisha. Lami ni nzuri, vilima vya Shimba vimebaki nyuma, na siku isiyo na ukungu bahari huonekana kwa mbali. Lakini anayeshuka nyuma ya matatu iliyojaa abiria, na magunia juu ya keria, kuna harufu atakayokutana nayo kabla ya kufika chini. Si ya taka zinazochomwa wala ya makaa. Taa za breki za matatu ile hazijazimika tangu juu.

Ni harufu ya pedi za breki zilizopata moto kupita kiasi.

Chini, kwenye maduka ya spea ya Ukunda, pedi hizohizo huzungumzwa kwa lugha nyingine. Kijana mwenye Subaru ya turbo haulizii pedi tu. Hutaka “zile kali”, za spoti, na ikiwezekana za mashindano. Muuzaji humwekea maboksi juu ya kaunta: moja jekundu la pedi za spoti, moja la njano la pedi za mashindano, na moja jeupe lenye jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Bei ya la kwanza na la mwisho ni mbingu na ardhi.

Fundi aliyefuatana naye hukuna kichwa. Yeye anajua gari lile linakwenda wapi kila siku: nyumbani, kazini, ufukweni Jumapili, na Likoni mara moja moja.

Safari iliyoacha mapenzi

Mapenzi ya Wakenya kwa magari haya ya Subaru yana asili yake. Mwaka 1994, Patrick Njiru alimaliza wa nne kwenye Safari Rally akiendesha Subaru Impreza, siku ambazo mashindano hayo yalikuwa yakivunja magari ya kampuni kubwa bila huruma. Miaka mitatu baadaye, 1997, Colin McRae kutoka Uskoti aliipa Subaru ushindi wake wa kwanza wa Safari. Mashindano yaliporudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, kizazi kingine kikaingia kwenye hesabu ya mashabiki.

Mengi ya magari hayo yanafika nchini yakiwa yametumika Japani, chini ya sheria inayozuia gari lililozidi miaka minane. Yanashukia bandarini Mombasa na mengine hayasafiri mbali, kwani huvuka tu kwenda Kusini. Yanakuja na injini yenye nguvu, na mara nyingi pedi zilizobaki nusu. Mwenye gari huanza na rimu, kisha muziki, kisha bomba la moshi. Breki hukumbukwa zinapolia.

Pia kuna jambo jipya barabarani. Zamani safari ya Pwani Kusini ilikuwa na kizuizi cha asili: foleni ya feri pale Likoni. Tangu barabara ya Dongo Kundu ianze kutumika mwaka 2024, gari linaweza kutoka Miritini, likapita juu ya madaraja ya Mwache na Mteza, na kuibukia Kibundani bila kusimama. Kwa watu wa Nairobi wanaoshuka Diani sikukuu, huo ni unafuu mkubwa. Lakini ni mwendo mrefu wa kasi, halafu ghafla barabara ya Likoni–Lunga Lunga yenye matuta, tuktuk, bodaboda zinazokatiza, na mbele zaidi, karibu na Ramisi, malori yaliyosheheni miwa.

Moto unatoka wapi

Kazi ya breki ni moja tu: kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya karibu kilojuli 579. Likisimama, karibu yote huishia kwenye diski na pedi. Kwa kilomita 50 kwa saa nishati hiyo si nusu, bali ni robo. Ndiyo maana mtu anayezunguka Ukunda na Barabara ya Ufukweni siku nzima, hata akikanyaga breki mara mia, hazichoshi kama anavyodhani. Zinapata nafasi ya kupoa.

Mteremko ni habari nyingine. Kila mita 100 ambazo gari hilo hushuka kwenda chini, uzito wake huachilia nishati inayokaribia ile ya kulisimamisha mara mbili na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa. Mji wa Kwale uko juu ya vilima vinavyokaribia mita 400 kutoka usawa wa bahari. Dereva anayeshuka kwa gia kubwa huku mguu ukiwa juu ya breki anazidai pedi zifanye peke yake kazi ambayo injini ingeifanya bure.

> Kwa kilomita 50 kwa saa nishati ya gari si nusu ya ile ya 100. Ni robo.

Hapo mambo mawili yanaweza kuharibika, na dalili zake hazifanani. La kwanza ni pedi zenyewe. Gundi inayoshikilia unga wake huanza kutoa gesi, gesi hukaa kati ya pedi na diski, na breki hufifia. Pedali inabaki ngumu chini ya mguu, dereva anasukuma kwa nguvu zote, lakini gari halisikii. La pili ni mafuta ya breki kuchemka. Hapo pedali huzama hadi sakafuni, kwa sababu mapovu hukandamizika na mafuta hayakandamiziki. La kwanza huweza kutibiwa kwa pedi bora. La pili haliponi kwa pedi yoyote duniani.

Tatizo la miteremko ni la zamani kuliko magari. Herbert Frood, Mwingereza aliyeanzisha kazi iliyozaa kampuni ya Ferodo mwaka 1897, inasimuliwa kwamba alipata wazo lake baada ya kuwaona wenye mikokoteni ya farasi katika vilima vya Derbyshire wakizuia magurudumu kwa viatu vyao vikuukuu. Wangeshuka Kwale leo, wangeielewa harufu ile.

Pedi ya mashindano asubuhi ya Diani

Sasa turudi kwenye boksi la njano. Pedi za mitaani hutengenezwa zishike tangu zikiwa baridi: dereva anatoka getini, mtoto anakatiza na mpira, gari linasimama. Pedi halisi za mashindano hutengenezwa kwa hali nyingine kabisa. Nyingi hazifanyi kazi vizuri mpaka zifikie nyuzijoto 100, 200 au zaidi, na zikishafika huko huvumilia joto ambalo lingeipika pedi ya kawaida.

Mtu atasema: hapa ni Pwani, baridi iko wapi? Lakini nyuzijoto 30 za Diani, ambazo kwa mgeni kutoka Ulaya ni tanuri, kwa pedi ya mashindano bado ni barafu. Gari linalotoka Galu kwenda sokoni halitaipasha moto kamwe. Litakuwa linasimama vibaya kuliko lilipotoka Japani, na juu ya hayo pedi italia kwenye kila tuta, itatema vumbi jeusi kwenye rimu zilizosuguliwa kwa bidii, na italamba diski.

Gari la mashindano huweza kubadilishiwa pedi kituoni, na fundi wake halipii diski kutoka mfukoni mwake. Huo ndio unafuu ambao kijana wa Ukunda hapewi.

Kati ya pande hizi mbili kuna kundi ambalo kwa kweli ndilo linalofaa kuzungumzwa: pedi za mtaani zilizoboreshwa. Zinashika zikiwa baridi, na zinavumilia joto kuliko zile za kawaida. Ferodo DS2500, kwa mfano, hupendwa na watu wanaotumia gari moja kwa kazi na kwa siku chache za mwendo wa uwanjani. EBC ya Uingereza huzitenga pedi zake kwa rangi, na hapo ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa, kwa kudhani rangi kali zaidi ndiyo pedi bora zaidi. Rangi inaeleza matumizi. Haielezi ubora.

Na kuna jambo moja ambalo wauzaji huliepuka. Katika kusimama mara moja kwa dharura, kwenye lami kavu, pedi nzima za kawaida zina nguvu ya kutosha kuyafikisha matairi kwenye kikomo chake. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu na mfumo wa ABS ukaanza kutetemesha pedali, maana yake tairi ndilo lililoshindwa, wala si pedi. Kwa gari hilo, fedha za pedi kali zingefanya kazi kubwa zaidi kwenye matairi mapya. Pedi iliyoboreshwa huonyesha faida yake kwenye kusimama kwa mara ya tano, ya nane, ya kumi, diski zikiwa zimeshapata moto.

> ABS ikianza kutetemesha pedali, tairi ndilo lililofika mwisho. Pedi bado ina nguvu.

Chumvi na unyevu

Adui mkubwa wa breki za Pwani Kusini wala hayuko kwenye mwendo kasi. Anakaa barazani.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu, na hewa ya Diani na Msambweni ina unyevu wa kugawia wengine. Viwango vya kimataifa vinaonyesha gharama yake kwa nambari. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 205, lakini yakishanyonya maji kiasi cha kipimo, kikomo kinashuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 huanza na 260 na kushuka hadi 180. Gari lenye DOT 3 ya miaka mitano, ambayo hakuna fundi aliyewahi kuigusa isipokuwa kuiongeza, linaweza kushuka Kwale likiwa na pedi za bei ya mbuzi wawili na bado pedali ikazama. (DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine, ingawa jina linadanganya.)

Chumvi nayo ina kazi yake. Asubuhi diski za gari lililolala karibu na bahari huwa na utando wa kutu mwekundu, na breki ya kwanza huufuta. Si tatizo. Tatizo ni gari la mtu wa Nairobi lililoachwa kwenye nyumba ya likizo tangu Pasaka hadi Agosti, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Pedi hugandana na diski. Zile zenye nyuzi nyingi za chuma ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa nazo hushika kutu, na gari likisukumwa kwa nguvu pedi huacha ngozi yake kwenye diski. Pedi za kauri, au zile za mchanganyiko usio na chuma, hustahimili hali hii vizuri zaidi. Kwa gari la namna hiyo, “kali” ya boksi jekundu inaweza kuwa hasara tupu. Ni afadhali kuliacha ndani ya gia, vizuizi vikiwa magurudumuni na breki ya mkono imeshushwa.

Kuna pia pini ambazo kalipa, kifaa kinachozibana pedi, huteleza juu yake. Zikishika kutu, au zikijaa vumbi jeupe la matumbawe la njia za Kinondo, pedi ya ndani huisha yote huku ya nje ikibaki karibu nzima. Mwenye gari huambiwa pedi zilikuwa mbovu, akanunua nyingine, na mchezo ukaanza upya. Grisi ya pini, ile inayostahimili joto, ni kitu cha bei ndogo ambacho mafundi wengi hukiruka kwa sababu mteja hakioni.

Herufi mbili pembeni

Kwenye ununuzi wa pedi zenyewe mvutano ni mkali, kwa sababu una fedha ndani yake.

Wauzaji wa spea wanasema, na wana haki, kwamba mteja ndiye anayetaka rahisi. Wakileta pedi halisi za Akebono au Advics, viwanda vya Japani vinavyotengenezea kampuni za magari, zinakaa kwenye rafu mpaka boksi linapauka. Mafundi wanasema maduka yanauza boksi la Japani lenye tumbo la mahali pengine. Wenye matatu wanasema hawana muda wa falsafa hii: gari lisipoingia barabarani leo, hesabu ya tajiri haitimii, na pedi ikiisha watanunua nyingine. Vijana wa Subaru wanawaona wote watatu kama watu walioachwa na wakati.

Sheria haikosekani. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, ikazaa chombo ambacho leo ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Shirika la Viwango, KEBS, lina kibandiko cha ISM kwa bidhaa zinazoingizwa kutoka nje. Lakini afisa hawezi kusimama kwenye kila kaunta kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, na pedi bandia haijitangazi. Hujitangaza mteremkoni.

Kwa hiyo mnunuzi anahitaji kujua pa kutazama. Pedi nyingi za viwanda vinavyojiheshimu huwa na msimbo pembeni, na mwishoni mwa msimbo huo kuna herufi mbili: EE, FF, GG au mchanganyiko wake. Ni utaratibu wa Marekani uitwao SAE J866. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida la kazi, ya pili ikiwa na moto zaidi. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi ya FE inamwambia mnunuzi waziwazi kwamba nguvu yake hushuka ikipata moto. Kwa gari la Kwale mjini, hiyo si ya kupeleka nyumbani. FF inatosha watu wengi. Herufi hizo hazielezi uimara wala kelele, na mwizi naye anaweza kuzichapa, lakini pedi isiyo na maandishi yoyote imeshajieleza.

Alama ya pili ni ya Ulaya: herufi E ndani ya duara ikiwa na nambari ya nchi, kama E1 ya Ujerumani au E11 ya Uingereza, pamoja na maandishi 90R. Inamaanisha pedi ilipimwa na kuonekana haipishani na ile ya awali ya gari kwa zaidi ya asilimia 15. Kikomo hicho hufanya kazi pande zote mbili. Hairuhusiwi kuwa dhaifu mno, wala kuwa kali mno, kwa sababu breki za mbele zikishika kupita kiasi huvuruga uwiano na za nyuma ambao wahandisi waliupanga. Wapenzi wa pedi kali wangefanya vyema kulitafakari hilo kabla ya kubadili za mbele pekee.

> Pedi isiyo na maandishi yoyote pembeni imeshajieleza.

Wanaokatiza barabara

Mjadala huu una washiriki wasio na leseni. Kwenye Barabara ya Ufukweni ya Diani mbega huvuka kutoka miti ya upande mmoja kwenda mwingine, na shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, limewatundikia madaraja ya kamba juu ya lami ili wasishuke chini. Wengine hushuka hata hivyo. Watoto wa shule za Mwabungo na Msambweni hawana madaraja ya kamba.

Kwao, tofauti ya pedi kali na ya kawaida ni ndogo kuliko tofauti ya mwendo. Kwa kilomita 110 kwa saa, kikomo cha juu kabisa cha magari madogo, gari hupiga karibu mita 30 katika sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa 50, ambayo ndiyo sheria ya mijini, ni mita 14.

Na bahari nayo inahusika. Vumbi la pedi husombwa na mvua, na shaba iliyomo ni sumu kwa viumbe wa majini. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2010 iliyoshusha shaba kwenye pedi hadi asilimia 5 kufikia 2021, na asilimia 0.5 kufikia 2025. Matokeo yake ni kwamba viwanda vingi vinavyouza Marekani vimeshabadili mchanganyiko. Eneo linaloishi kwa matumbawe ya Diani na Kisite lina sababu ya kuomba pedi hizo hata kabla ya kulazimishwa.

Hukumu ya barabara

Kwa gari la kawaida linaloishi Ukunda, Diani au Msambweni na kupanda Kwale mara moja moja, pedi ya kauri ya kiwanda kinachojulikana, yenye FF au alama ya 90R, ndiyo chaguo, na bei yake haimfilisi mtu. Anayeshuka Kwale kila siku akiwa na mzigo au abiria, au mwenye turbo anayependa mwendo wa Dongo Kundu, ana sababu ya kulipia pedi ya mtaani iliyoboreshwa, pamoja na DOT 4 au 5.1, mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Pedi ya mashindano haina kazi Kwale.

Yeyote kati yao akifunga pedi mpya, asitoke gereji na kwenda kujaribu nguvu. Atafute barabara tupu, apunguze mwendo kutoka kama 60 hadi 10 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha aendeshe taratibu zipoe, ili utando wa pedi ukae sawasawa juu ya diski. Kabla ya hapo fundi awe amepima unene wa diski na kuulinganisha na nambari ya MIN TH iliyochongwa juu yake, kwa sababu diski iliyoliwa kupita hapo hainyonyi joto la kutosha, hata ikifungiwa pedi ya Brembo. Pedi zikibaki milimita 3, zitolewe.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na kwa hewa ya huku, mapema zaidi. Na ukifika mwanzo wa mteremko wa Kwale, ingia gia ya pili au ya tatu kabla hujaanza kushuka.